Kabla ya Kiyoyozi, Tazama Paa

Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu jambo ambalo kila mkazi wa pwani analijua kwa ngozi yake mwenyewe, nalo ni joto la ndani ya nyumba. Sisemi joto la nje. Hilo lina mwenyewe na lina majira yake. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa hujaa unyevu, jasho haliishi shingoni, na hakuna kiongozi wala mtaalamu awezaye kulifuta. Ninalotaka tulitazame pamoja ni lile joto tunalolijenga sisi wenyewe, kwa tofali, saruji na bati tulivyonunua kwa jasho letu, halafu tunatafuta fedha nyingine za kulifukuza.

Tuanzie Fukayosi. Mtu anayetoka Bagamoyo kwenda Msata, kwa barabara ya lami yenye urefu wa kilometa 64, ataipita Fukayosi kabla hajafika Kiwangwa kwenye mananasi. Lami ilipofika huko ilikuja na malori ya bati na saruji, ikaja pia na watu wa mjini wanaotafuta viwanja. Ndiyo maana pembeni mwa barabara kama ile utaona nyumba za vizazi vitatu zimesimama pamoja: nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa makuti au nyasi, nyumba ya tofali iliyoezekwa kwa bati, na nyumba mpya ya mkazi wa Dar es Salaam yenye vioo, ukuta mrefu wa uzio, na kiyoyozi kinachodondosha maji ubavuni.

Wengi tutasema hayo ni maendeleo, na kwa sehemu kubwa tutakuwa tumesema kweli. Makuti yana taabu zake. Yanaoza, yanahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, yanashika moto upesi, na panya hufanya makazi humo. Aidha, minazi yenyewe imepungua katika sehemu nyingi za pwani yetu kwa uzee na kwa ule ugonjwa wa kunyong'onyea. Kwa hiyo mwanakijiji anayeuza ufuta wake au mihogo yake akanunua bati si mjinga. Anayemcheka ni mtu ambaye hajapata kuamka usiku wa masika akisogeza kitanda kutoka kona moja hadi nyingine akikimbia maji. Na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba katika hoteli za ufukweni mgeni hulipa fedha nyingi ili akae chini ya makuti, wakati mwenyeji wake anadunduliza miaka kadhaa ili ayakimbie.

Hata hivyo, yale makuti yalikuwa yakifanya kazi moja ambayo hakuna aliyeihesabu wakati wa kuyaondoa. Kuti lililopangwa vizuri juu ya kuti ni tabaka nene lililojaa hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Mwanya uliokuwa kati ya ukuta na paa uliruhusu hewa ya moto, ambayo daima hupanda juu, itoke zake. Bati halina hata kimoja kati ya hivyo. Ni wembamba mtupu. Nalo liko mahali pabaya kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba, kwani sisi tuko karibu na ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena katika wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri husimama karibu wima juu ya utosi wa mtu wa Bagamoyo. Katika nchi za baridi jua hupiga zaidi ukuta. Hapa kwetu linapiga paa. Bati lililochakaa au lililopakwa rangi nyeusi linaweza kupita nyuzi 60 za joto mchana wa jua kali, na joto hilo huteremka moja kwa moja juu ya kichwa cha anayeketi chini yake. Ni sawa na kukaa chini ya jiko lililopinduliwa.

Liko na jambo jingine zito zaidi, nalo ni mbu. Mwanya ule wa juu ya ukuta ulikuwa mlango wa upepo, lakini ulikuwa pia mlango wa malaria, na mafundi wetu kwa nia njema wamekuwa wakiuziba. Matokeo yake ni kwamba ukimfungia mbu umejifungia na upepo. Usiku chumba kinakuwa kama tanuri, mtoto anatupa chandarua kwa miguu kwa sababu ya joto, na yule mbu mmoja aliyebahatika kupenya dirishani anapata karamu. Wanaofanya kazi ya afya vijijini wanalijua jambo hili: chandarua kisichovumilika hakilaliwi.

Je, hatuna budi kuchagua kati ya joto na malaria? Hapana. Katika kijiji cha Magoda mkoani Tanga, watafiti walijenga nyumba sita za majaribio ambazo kuta zake zilipitisha hewa, matundu yakawekwa nyavu, na vyumba vya kulala katika baadhi yake vikawa ghorofani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Mbu walioingia walikuwa wachache zaidi kuliko katika nyumba za kawaida, na ndani kulikuwa na ubaridi zaidi kwa nyuzi zipatazo mbili. Nyuzi mbili zinaweza kuonekana kidogo kwa anayesoma gazeti asubuhi, lakini mlezi mwenye mtoto mchanga saa tano usiku anajua tofauti hiyo ni usingizi. Somo la Magoda ni jepesi: usizibe tundu, liwekee wavu.

Wala somo hili si geni kwetu. Ingieni katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo mtazame majumba yaliyosalia. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zinachukua muda mrefu kupata moto. Dari ziko juu. Mbele kuna baraza lenye kivuli, na jua haligusi ukuta wa chumba. Nyumba ya Kiswahili ya mtaani, ile ya vyumba sita tunayoifahamu Kariakoo na Magomeni, ina ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani. Ukifungua milango yote miwili, upepo unapita kama maji ndani ya bomba. Jiko liko uani, na moto wa kupikia haulali na watu. Waliojenga hivyo hawakuwa na digrii ya usanifu. Walikuwa na adabu mbele ya upepo.

Hata wakoloni walilijua hilo, na walilitumia kwa ubaguzi. Dar es Salaam iligawanywa, na Uzunguni pakawekwa upande wa bahari, penye nafasi kubwa, miti na veranda, ili matlai na upepo wa bahari ufike kwao kwanza. Uswahilini watu walibanwa. Upepo nao, ndugu wasikilizaji, uligawanywa kwa rangi. Ndiyo maana inasikitisha kwamba leo, tukiwa huru na tukiwa na viwanja vyetu wenyewe, tunajenga nyumba zinazoukataa upepo huo huo.

Tazameni nyumba za siku hizi. Tunafyeka kiwanja mpaka kiwe uwanja wa mpira, mwembe na mkorosho vyote chini. Tunajenga ukuta wa uzio wa tofali zisizo na tundu, mrefu kuliko mtu, na upepo unaishia barabarani. Tunasakafia ua wote kwa vitofali vya saruji vinavyokunywa jua mchana na kulitapika usiku. Tunaweka madirisha ya alminiamu ya kusukuma, ambayo kwa umbo lake hufunguka nusu tu, nusu nyingine daima ni kioo. Umelipia dirisha zima, umepata upepo wa nusu dirisha. Na sasa umeingia mtindo wa paa lililofichwa nyuma ya ukuta, ule unaoitwa kontempo, ambao hauna upenu. Nyumba isiyo na upenu ni kama mtu aliyekwenda shamba bila kofia: ukuta unapigwa na jua asubuhi upande wa mashariki na jioni upande wa magharibi.

Tuchukue mfano. Tuseme mtumishi mmoja amestaafu, amepata kiinua mgongo, amejenga nyumba ya namna hiyo upande wa Fukayosi ili apumzike mbali na kelele za mji. Kaskazi ya kwanza inamkuta. Mchana hawezi kukaa ndani, usiku hawezi kulala. Vijana wanamwambia, "Mzee, weka kiyoyozi." Anaweka kimoja chumbani, cha BTU 12,000, kinachotumia karibu kilowati moja kinapofanya kazi. Tupige hesabu. Kikiwashwa saa kumi kwa siku, kikipumzika na kuwaka tena, kitakula kama yuniti sita au saba. Kwa mwezi ni yuniti kama 200. Kwa bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi alitozwa shilingi 100 kwa yuniti, na mteja wa kawaida shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Maana yake ni kwamba kiyoyozi kimoja tu kinamtoa mzee wetu katika kundi la wateja wadogo, na kinataka shilingi zaidi ya 58,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja. Pangaboi la wati 60, kwa saa hizo hizo, lingekula yuniti 18. Kwa bei ya mteja mdogo hizo ni shilingi 1,800.

Mnaona tofauti? Mmoja analipa kila mwezi, maisha yake yote yaliyobaki, gharama ya makosa ya mchoro uliochorwa siku moja. Na umeme ukikatika, kama ilivyotusumbua sana mwaka 2023, nyumba inarudi kuwa tanuri, kwani haikujengwa kwa ajili ya mtu. Imejengwa kwa ajili ya mashine.

Siipigi vita mashine hiyo. Hospitali inaihitaji, duka la dawa linaihitaji, mgonjwa wa moyo anaweza kuihitaji. Lakini tukumbuke asili yake. Mwaka 1902 mhandisi wa Kimarekani, Willis Carrier, alibuni mtambo wa kwanza wa aina hii kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, kwa sababu unyevu ulikuwa unaharibu karatasi. Haukubuniwa ili kuokoa nyumba iliyojengwa vibaya. Kiyoyozi ndani ya nyumba yenye bati tupu bila dari ni sawa na kuchota maji kwa pakacha.

Sasa kwa wale ambao tayari wanacho, nina maneno machache ya matengenezo, maana hapa wananchi wengi wanaliwa fedha zao.

La kwanza ni gesi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake iko mahali inavuja. Fundi anayekuja kila mwaka kukuongezea gesi bila kutafuta tundu anakuuzia maji ya kisima chako mwenyewe. Mwambie atafute uvujaji, auzibe, ndipo ajaze. Na ajaze gesi ile ile iliyoandikwa ubavuni mwa mashine, kwani kila mashine na gesi yake. Nyingine, kama R-32, zinaweza kushika moto zikichezewa, na si za kuchomelea ovyo.

La pili linawahusu wanaokimbilia mitumba. Viyoyozi vingi vya zamani vinatumia gesi ya R-22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya gesi za aina hiyo kwa asilimia 67.5 ifikapo mwaka 2025, na kwa asilimia 97.5 ifikapo mwaka 2030. Kisha mwaka 2016, hapo jirani Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza pia gesi zilizochukua nafasi yake, kwa kuwa nazo huongeza joto la dunia. Kwa hiyo anayenunua leo mashine kuukuu ya R-22 kwa sababu ni rahisi, ananunua yatima. Kesho gesi yake itakuwa adimu na ghali. Ghana iliona mbali. Tangu mwaka 2013 imezuia kuingizwa nchini kwa majokofu na viyoyozi vilivyokwisha tumika. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

La tatu ni usafi. Chujio la ndani lioshwe kwa maji angalau mara moja kwa mwezi, na mahali penye vumbi kila wiki mbili. Kazi hiyo haihitaji fundi, kijana wa nyumbani anaiweza. Kile chombo cha nje kiwe kivulini, kisibanwe na maboksi wala kufunikwa na mmea, maana kazi yake ni kutema joto, na asiyeweza kutema hushiba mpaka afe. Karibu na bahari chumvi hula mapezi yake ya alminiamu. Yaoshwe kwa maji baridi yasiyo na nguvu kubwa, umeme ukiwa umezimwa.

La nne ni namba. Wengi huweka 16 wakidhani chumba kitapoa upesi. Mashine nyingi za kawaida hupoza kwa mwendo ule ule, tofauti ni kwamba ukiweka 16 hazipumziki. Weka 25 au 26, na pangaboi lizunguke polepole. Utalala vizuri, na Luku haitalia usiku wa manane.

Na la tano ni mapangaboi yenyewe. Feni ya darini inayozunguka kwa uvivu, au inayotaka kusukumwa kwa fimbo ndipo ianze, aghalabu haijafa. Kilichochoka ni kapasita, kidude kidogo ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya feni mpya. Kabla ya kuitupa, mwite fundi umeme aliyesoma. Vyuo vya VETA vinafundisha vijana ufundi wa majokofu na viyoyozi. Watumieni hao, na waulizeni vyeti vyao bila haya, kama mnavyomwuliza dereva leseni.

Narudi kwenye nyumba, kwa sababu ndiko tiba iliko. Mwenye nyumba ya bati, awe Fukayosi au Mbagala, hahitaji kubomoa. Aanze na yaliyo rahisi. Paa lililochakaa lipakwe rangi nyeupe inayofaa bati, nalo litarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Anayenunua bati jipya achague rangi nyepesi, aachane na hii nyeusi na kijivu cha mkaa iliyoingia kwa fasheni. Kisha dari. Iwe ya jipsamu, ya mbao, ya mkeka au ya kitambaa kizito, kitu chochote kinachosimama kati ya bati na kichwa ni msaada. Lakini juu ya dari yawekwe matundu ya hewa kwenye pembe tatu za paa, yenye wavu, ili joto lisilale humo. Usiku ukitaka kujua kama nyumba yako ina matundu ya kutosha, fungua madirisha ya pande mbili uwashe udi. Moshi ukisimama wima, upepo hauna njia.

Kwa anayeanza msingi leo, pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini, na pande fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Madirisha yatazamane, na yawe ya kufunguka yote. Upenu uwe mpana, baraza lirudi. Uzio uwe na matundu au uwe wa michongoma. Mwarobaini au mwembe upande wa magharibi ni kiyoyozi kisicho na Luku, na kinazaa kivuli zaidi kila mwaka. Wapo wataalamu wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi ambao kazi yao ni kutushauri juu ya mambo kama haya. Tuwatumie.

Mwisho niwaombe wenye mamlaka. Kibali cha ujenzi kinapoombwa katika halmashauri zetu, ramani hukaguliwa: choo kiko wapi, mpaka uko wapi, nondo zinatosha. Ni vema. Lakini na swali hili liulizwe: upepo unaingilia wapi na kutokea wapi? Swali hilo halina gharama, na mchoraji akilijibu mapema, yule mzee wetu mstaafu hatalilipia kila mwezi. Na kwa mwanakijiji anayetoka kwenye makuti kwenda kwenye bati, maafisa wa maendeleo wamweleze mapema kuwa safari ya bati haijakamilika bila dari na wavu. Asiachwe abadilishe kuvuja kwa masika na kuungua kwa kaskazi.

Kusi itavuma tena mwezi wa nne, tutapumua, na kama kawaida yetu tutasahau. Tusisahau mwaka huu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipofungua tundu utanunua mashine.